Teja, Mraibu au Mgonjwa? Nafasi ya Lugha katika Tiba na Udhibiti wa Heroini Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika miji ya Pwani ya Kenya, kuanzia Lamu na Malindi hadi Mombasa na Ukunda, maradhi ya uraibu wa heroini yalikaa miongo kadhaa bila kuitwa maradhi. Yaliitwa utovu wa adabu, laana, tamaa ya ujana au uhalifu. Aliyeyaugua aliitwa teja, na neno hilo lilitosha kumaliza mazungumzo: teja hasikilizwi, haaminiwi wala haajiriwi. Kilio kiliposikika hatimaye, kilisikika makaburini na katika wodi za wagonjwa wa UKIMWI.

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya jina analopewa mtumiaji wa heroini na msaada anaoupata. Hoja kuu ni kwamba jina huchagua mlango. Mtumiaji akiitwa mhalifu, mlango unaofunguka ni wa seli. Akiitwa mpotovu, atapelekwa kwenye mawaidha. Akiitwa mgonjwa, atapelekwa kwenye tiba. Kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha inayotumiwa maskani, nyumbani, katika kituo cha polisi na katika zahanati huko Pwani, suala hili linawahusu wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili sawa na linavyowahusu madaktari na mahakimu.

Mjadala umegawika katika sehemu tano. Sehemu ya kwanza inaangalia msamiati wa jadi na wa kisasa unaohusu vileo hivi. Ya pili inaeleza uraibu ni nini kwa mujibu wa tiba. Ya tatu inapitia juhudi za udhibiti nchini, na ya nne inajadili tiba iliyopo. Sehemu ya mwisho inapendekeza namna lugha ya tiba inavyoweza kuboreshwa.

Msamiati wa uraibu: kutoka tambuu hadi kete

Kiswahili si kigeni katika mambo ya vileo. Afyuni, yaani utomvu mkavu wa mmea wa mpopi, imekuwa na jina katika lugha hii tangu zamani, na jina lenyewe limetokana na Kiarabu. Jina lake jingine ni kasumba. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa leo anaposikia neno kasumba hafikirii kabisa juu ya kileo. Anafikiria kasumba ya kikoloni, yaani mawazo yaliyopandikizwa akilini mwa mtu hata asiweze kuona vingine. Maana ya kitamathali imeimeza maana ya msingi. Hata hivyo, tamathali hii ilitokana na maarifa ya kweli: waliolitumia neno hilo mwanzo walijua kwamba afyuni humtawala mtu kutoka ndani, na kwamba aliyetawaliwa hivyo haachi kwa kuamriwa.

Neno uraibu nalo lina safari yake. Katika matumizi ya zamani, uraibu ni vitu vya kutafuna kwa mazoea na kwa starehe: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Mgeni alipokaribishwa aliandaliwa uraibu, na kumnyima ilikuwa kasoro ya adabu. Mraibu basi alikuwa mtu aliyezoea kutafuna, na neno halikuwa na aibu kubwa. Wataalamu walipohitaji istilahi ya hali ya mtu kushindwa kuishi bila kileo, walilichukua neno hili la ukarimu na kulipa kazi mpya. Faida yake ni kwamba linaeleza mazoea yaliyokita mizizi pasipo kumtukana anayehusika. Kasoro yake ni kwamba bado linanukia starehe, kana kwamba mraibu wa heroini anaburudika kama mzee aliyejaza tambuu kinywani barazani.

Kwa upande wa vileo vyenyewe, maneno mawili ndiyo yaliyoenea katika lugha rasmi. La kwanza ni mihadarati, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutia ganzi. La pili ni dawa za kulevya, ambalo limeundwa kwa nomino dawa na kitenzi levya, yaani kumfanya mtu alewe. Baadhi ya watu husema madawa ya kulevya, ingawa walimu wa sarufi hupendelea dawa, kwa kuwa nomino hii haibadiliki katika wingi. Tatizo kubwa zaidi kuliko hilo la wingi ni la kimaana. Neno dawa linabeba kinachoua na kinachoponya kwa wakati mmoja. Itakavyoonekana baadaye, mkanganyiko huu una gharama yake mgonjwa anapoambiwa kuwa atatibiwa dawa kwa dawa.

Kando ya lugha rasmi kuna lugha ya maskani. Heroini ni unga. Kuitumia ni kubwia unga, kitenzi ambacho kwa kawaida hutumiwa kwa kitu kikavu kinachotupwa kinywani. Kipimo kidogo kilichofungwa ni kete, neno lililochukuliwa kutoka mchezo wa bao. Anayebeba shehena tumboni mwake kuvuka mipaka ni punda. Maumivu yanayomshika mtu unga unapoisha mwilini ni arosto, au alosto kwa matamshi ya wengine. Msamiati huu umeundwa kwa ubunifu mkubwa, na shabaha yake ni kuficha. Nyumba yenye njaa hutafuta unga, na maskani pia hutafuta unga. Asiyejua muktadha hatambui tofauti.

Neno teja linastahili kuangaliwa peke yake. Wingi wake ni mateja, na kwa umbo hilo linaingia katika kundi la nomino za LI-YA. Kiambishi ma- kinapotumiwa kwa watu huweza kubeba dharau au ukubwa usiofaa, kama katika majitu na majizi. Ni kweli kwamba maneno ya mkopo kama daktari na waziri nayo huchukua ma- bila dharau yoyote, kwa hiyo kiambishi pekee si ushahidi tosha. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha wa neno mateja ni wa kuonya, kufukuza na kudhihaki. Pamoja na hayo, upatanisho wa kisarufi haujabadilika. Msemaji husema teja amelala, mateja wamekamatwa. Hata anayetukana hajaweza kuliondoa neno hilo katika upatanisho wa A-WA. Sarufi bado inakiri kwamba anayezungumziwa ni mtu.

Uraibu kwa mujibu wa tiba

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, ambayo hupatikana katika afyuni. Mwanakemia C. R. Alder Wright aliiunda kwa mara ya kwanza jijini London mwaka wa 1874, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza mwaka wa 1898 kama dawa ya kikohozi. Jina Heroin lilikuwa jina la biashara. Dunia ilichukua miaka kadhaa kutambua kwamba dawa iliyosifiwa ilikuwa ikizalisha wagonjwa wapya.

Ubongo wa binadamu una sehemu maalumu zinazopokea kemikali za kutuliza maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Heroini huzivamia sehemu hizo kwa nguvu inayozidi sana ile ya kemikali za mwili. Mtumiaji anapoendelea, mambo mawili hutokea. Kwanza, mwili hustahimili, hivyo kipimo cha jana hakitoshi leo. Pili, mwili hujipanga upya kana kwamba heroini ni sehemu ya mahitaji yake ya kawaida. Kuanzia hapo mtumiaji hatafuti tena raha. Anatafuta kuwa kama watu wengine walivyo asubuhi wanapoamka.

Akiikosa, arosto huanza. Kwa kawaida dalili huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kipimo cha mwisho, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja hivi. Machozi na makamasi hutiririka, mwili husisimka na kutetemeka, misuli na mifupa huuma, tumbo hukatika kwa kuhara na kutapika, na usingizi hutoweka. Watumiaji husema arosto imewashika, kama mtu anavyosema homa imemshika. Katika usemi huu lugha ya maskani iliitangulia lugha rasmi: wakati sheria ilikuwa ikiyaita matumizi hayo uhalifu, wagonjwa wenyewe walikuwa wakiieleza hali yao kwa sarufi ya ugonjwa.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba arosto kuisha si uraibu kuisha. Mabadiliko ya ubongo na kumbukumbu za matumizi huendelea kwa muda mrefu. Aidha, mtu aliyekaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi yake inaweza kukatika. Ndiyo sababu siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani, au baada ya kutoka katika kituo kinachotoa heroini mwilini bila tiba ya kufuatia, ni siku za hatari kubwa ya kifo. Familia inayomfungia kijana chumbani kwa juma zima, kisha ikatangaza kwamba ameacha, huenda imemweka karibu zaidi na kaburi bila kujua.

Udhibiti: sheria na bahari

Kenya imo katika mkondo wa udhibiti wa kimataifa uliojengwa juu ya mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, ya miaka ya 1961, 1971 na 1988. Sheria ya nchi kuhusu dawa za kulevya ilipitishwa mwaka wa 1994. Adhabu zake zilikuwa kali: aliyepatikana na heroini kwa matumizi yake mwenyewe aliweza kufungwa hadi miaka 20, na mlanguzi alikabiliwa na kifungo cha maisha. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka wa 2022, na adhabu zikapangwa upya kwa kuzingatia uzito wa dawa iliyopatikana. Ni muhimu kutaja kwamba sheria ya 1994 haikusahau tiba. Iliruhusu kuundwa kwa vituo vya urekebishaji, na kuipa mahakama uwezo wa kuagiza mraibu apelekwe huko. Kwa miaka mingi uwezo huo ulibaki maandishini zaidi kuliko vitendoni, kwa kuwa vituo vyenyewe vilikuwa haba.

Mwaka wa 2001 serikali iliunda asasi ya NACADA ili kuongoza kampeni dhidi ya matumizi ya dawa za kulevya, na mwaka wa 2012 sheria maalumu ikaifanya kuwa mamlaka kamili inayoshughulikia pombe pia. Kazi yake imekuwa kuelimisha umma, kufanya utafiti na kusimamia viwango vya vituo vya tiba.

Kwa upande wa ugavi, jiografia ya Pwani ni kiini cha tatizo. Heroini iliyoanza kuonekana kwa wingi Pwani katika miaka ya 1980 hutokana na mashamba ya mpopi ya Afghanistan, hupitia pwani ya Iran na Pakistan, kisha husafirishwa kwa majahazi hadi Afrika Mashariki. Njia hiyo ya bahari ni ileile iliyoleta tende, mazulia na msamiati. Mwezi wa Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, meli nyingine ilizuiliwa Mombasa ikiwa imeficha heroini ndani ya tangi la dizeli, na mwezi wa Agosti ikalipuliwa baharini pamoja na shehena yake mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka wa 2004, polisi walikamata zaidi ya tani moja ya kokeini Malindi na Nairobi; shehena hiyo iliteketezwa mwaka wa 2006.

Fasihi ya Kiswahili haikulifumbia macho suala hili. Hadithi fupi "Mkubwa" ya Ali Abdulla Ali, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, inaiunganisha biashara ya dawa za kulevya na cheo cha kisiasa. Uhakiki wa hadithi kama hiyo hukumbusha kwamba kuna umbali mkubwa baina ya mwenye shehena na mwenye kete moja. Lugha inayowaita wote wawili wahalifu wa dawa za kulevya huufuta umbali huo, na mara nyingi anayeishia kukamatwa ni yule aliyelala mtaroni.

Funzo la uhaba wa mwaka wa 2010 na 2011

Tukio moja linaonyesha wazi uhusiano wa udhibiti na tiba. Mwishoni mwa mwaka wa 2010 na mwanzoni mwa mwaka wa 2011, heroini iliadimika ghafla katika miji ya Pwani baada ya vyombo vya usalama kukaza kamba. Kwa kipimo cha polisi, huo ulikuwa ushindi. Katika maskani, ilikuwa arosto ya halaiki. Watumiaji wengi walishikwa kwa wakati mmoja, na huduma za tiba zilizokuwepo hazikutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliyakusanya maelezo ya watumiaji wa wakati huo. Walieleza maumivu makali, na namna baadhi yao walivyogeukia vileo vingine ili kuituliza arosto. Wengine walitafuta matibabu. Baadaye unga ulirudi, na wengi wakaurudia.

Funzo la tukio hilo si kwamba ulanguzi uachwe uendelee. Mlanguzi anapaswa kuzuiwa, na kila kilo inayoteketezwa ni kilo isiyofika mtaani. Funzo ni kwamba kuufunga mfereji kabla ya kumwandalia mwenye kiu maji mengine kunamsukuma kwenye dimbwi. Kama watumiaji wangekuwa wamekwisha kutambuliwa kuwa wagonjwa, uhaba huo ungekuwa fursa adimu ya kuwaingiza katika tiba. Kwa kuwa walikuwa wametambuliwa kuwa mateja, wengi wao waliachwa wahangaike, na hangaiko lao likachukuliwa kuwa sehemu ya adhabu.

Gharama haikuwa ya watumiaji pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 matumizi yalikuwa yameanza kuhama kutoka kuvuta moshi hadi kujidunga sindano, hasa Malindi na miji ya jirani. Utafiti wa karibu mwaka wa 2011 katika Nairobi na Pwani ulionyesha kwamba takribani asilimia 18 ya waliojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichokaribia mara tatu ya kile cha watu wazima nchini. Sindano inayoshirikiwa haichagui kati ya aliyetumia heroini na mkewe aliyebaki nyumbani.

Tiba: dawa ya moto ni moto?

Kabla ya serikali kuingia, mashirika ya kijamii ndiyo yaliyoubeba mzigo. Mradi wa Omari ulioanzishwa Malindi katika miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa juhudi za mwanzo nchini zilizowalenga watumiaji wa heroini. Mombasa, mashirika kama vile Reachout na MEWA yaliwafuata watumiaji maskani, yakawapa ushauri, matibabu ya majeraha na mahali pa kupumzika. Vikundi vya kusaidiana vinavyofuata hatua 12 navyo vilienea, vikiongozwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Wanawake walikuwa wachache katika huduma hizi. Si kwamba hawakuwa wakitumia. Aibu yao ilikuwa maradufu, na nafasi zilizotengwa kwa ajili yao zilikuwa chache mno.

Hatua kubwa ya kitabibu ilikuwa kuletwa kwa methadoni. Hii ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Inazikalia sehemu zilezile za ubongo zinazovamiwa na heroini, lakini huingia polepole na kukaa muda mrefu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, humwondolea mtu arosto pasipo kumlewesha, na hupunguza hamu ya kutafuta unga. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander ndio waliouonyesha uwezo wake jijini New York katika miaka ya 1960, na mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka wa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka wa 2015 huduma ikafika Malindi, kisha sehemu nyingine za Pwani.

Pingamizi lililosikika zaidi ni kwamba methadoni ni kubadilisha kileo kimoja kwa kingine. Wapinzani walisema dawa ya moto haiwezi kuwa moto, ingawa methali yenyewe inasema kinyume. Pingamizi hili linastahili jibu, kwani lina ukweli ndani yake: methadoni nayo humfanya mwili kuitegemea, na ikinywewa ovyo inaweza kuua. Tofauti imo katika maisha yanayofuata. Anayetegemea heroini huamka akitafuta fedha kwa njia yoyote, hurudia mara kadhaa kwa siku, na hajui kilichochanganywa katika kete. Anayetumia methadoni hunywa kipimo kinachojulikana asubuhi, kisha ana siku nzima mbele yake. Anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kumeza dawa za kudhibiti virusi kwa wakati. Mtu anayehitaji insulini kila siku haambiwi kwamba hajapona kisukari kwa sababu anaitegemea sindano.

Upo mkanganyiko wa kilugha uliochangia pingamizi hilo. Anayeambiwa kwamba mtumiaji wa dawa atapewa dawa ili aache dawa ana haki ya kushangaa. Mhudumu anayetofautisha dawa ya kutibu na unga, na kueleza kazi ya kila kimoja mwilini, amekwisha kuondoa nusu ya shaka kabla ya kikombe cha kwanza.

Huduma hizi zina mapungufu yake. Kufika kliniki kila siku ni mzigo kwa anayeishi mbali au aliyepata kibarua cha alfajiri. Sehemu kubwa ya huduma imetegemea fedha za wafadhili wa nje, na utegemezi huo nao ni hatari. Nalokisoni, dawa inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha kipimo, inahitajika karibu na mahali watu wanapoanguka, si hospitalini pekee. Zaidi ya yote, methadoni bila ushauri, kazi na familia ni nguzo moja ya nyumba inayohitaji nguzo nne.

Lugha ya tiba

Hapa ndipo mchango wa mtaalamu wa Kiswahili unapohitajika. Mambo manne yanaweza kutajwa.

Kwanza ni jina la mahali. Vituo vingi huitwa vituo vya kurekebishia tabia, jina linalofanana na lile la shule za watoto waliokosana na sheria. Jina hilo linadai kwamba kilichoharibika ni tabia. Kinachotibiwa ni ubongo, mwili, uhusiano na, ndiyo, tabia pia. Kituo cha tiba ya uraibu ni jina lisilohukumu kabla ya mgonjwa kuvuka kizingiti.

Pili ni kitenzi. Jamii huuliza: ameacha? Kitenzi acha kinaweka kila kitu katika utashi wa mtu na kudai jibu la ndiyo au la. Kiswahili kina nyenzo bora zaidi katika viambishi vyake vya njeo na hali. Amepona hutangaza tendo lililokamilika. Anapona huliacha likiendelea. Kwa maradhi ya muda mrefu, anaendelea kupona ndiyo kauli iliyo karibu zaidi na ukweli wa tiba, na haimfanyi mwongo mtu aliyeteleza.

Tatu ni kuteleza kwenyewe. Mtu anayerudia matumizi mara nyingi huambiwa kwamba amerudi alikotoka, na kwa hiyo hastahili kusaidiwa tena. Waswahili wana methali inayosema kuteleza si kuanguka. Methali hiyo inaeleza kwa maneno matatu kile ambacho vitabu vya tiba hukieleza kwa kurasa nyingi: kurudia ni sehemu inayotarajiwa ya maradhi haya, na ni sababu ya kuitazama tiba upya, si ya kuikatiza. Vivyo hivyo, matokeo ya kipimo cha mkojo yakielezwa kuwa safi au machafu, uchafu humrukia mwenye mkojo. Kusema kwamba heroini imeonekana au haikuonekana kunatosha.

Nne ni maelezo na ridhaa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika Kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili hukutana pale mgonjwa anapowekewa mezani fomu ya kutia sahihi. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka si ridhaa. Kuzitafsiri fomu hizo, maelezo ya vipimo na maonyo kuhusu hatari ya kuchanganya methadoni na pombe au vidonge ni kazi ya kitaaluma ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuifanya kwa kushirikiana na wahudumu wa afya.

Huenda mtu akasema kwamba kubadilisha majina ni kuyapamba maovu. Mama aliyeibiwa sufuria na redio, na mke aliyeuziwa pete ya ndoa, hawahitaji somo la istilahi. Dai hili ni zito. Kumwita mtu mgonjwa hakufuti alilolifanya, wala hakumwondolei wajibu wa kulipa na kuomba radhi. Kunachofanya ni kumfungulia njia ya kuweza kufanya hivyo. Mtu aliyeshikwa na arosto hawezi kurudisha redio. Aliyepata nafuu anaweza kuanza kuilipa. Na mlanguzi asijifiche chini ya jina hili: yeye haumwi, anafanya biashara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na maarifa kuhusu vileo hivi kabla ya heroini kufika Pwani, na kwamba maneno kasumba, uraibu na arosto yanabeba uelewa ambao sheria na jamii zilichelewa kuufikia. Yameonyesha pia kwamba udhibiti usiokwenda sambamba na tiba huzaa maumivu pasipo kupunguza uraibu, kama ilivyodhihirika mwaka wa 2010 na 2011, na kwamba tiba yenyewe hukwama pale lugha inapoichanganya na kileo au inapomhukumu anayeitafuta.

Bahari itaendelea kuleta majahazi, na vyombo vya usalama vitaendelea kuyasaka. Kazi iliyo mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni ndogo kuliko hiyo, lakini haiwezi kufanywa na manowari: kuhakikisha kwamba kijana anayebisha hodi katika mlango wa kliniki, akiwa na makamasi puani na tumbo likimkata, anapokewa kwa neno analolielewa na lisilomfukuza. Sarufi imekwisha kumweka katika A-WA. Jamii nayo haina budi kumpokea hivyo.